Dawa ya Kabichi

Kila jioni Winifrida alifagia uwanja, akabandika maji ya ugali, kisha akaketi kizingitini kuwalisha mbu. Mbu wa Chiwanda walikuwa na adabu. Ndio pekee waliomtembelea tangu ahamie ziwani. Baba yake, Bwana Shamba Kilian, alishinda kwenye shamba la kijiji cha ujamaa. Mama alibaki milimani Mbinga, akivuna kahawa. Shuleni wenzake walitaniana kwa Kinyasa. Yeye, Mmatengo, alicheka mwisho, bila kujua kilichochekesha. Hata jina lake hawakulitaja, alikuwa “yule wa milimani.”

Jioni moja, kwenye mazoezi ya ngonjera, mbu waliwazidi.

“Kesho nitaleta dawa,” Winifrida alisema.

Wote wakamgeukia. Haijawahi kutokea!

“Unaijua kweli?” aliuliza Otilia, kiongozi wao.

“Naijua.”

Kumbe aliyoijua ni ile ambayo baba yake huwanyunyizia wadudu wa kabichi. Alitwanga pilipili kichaa na vitunguu saumu, akachanganya na maji ya sabuni, akachuja, akajaza chupa yenye kifuniko alichokitoboa.

Kesho yake Otilia alikuwa wa kwanza kunyunyiziwa. Mbu walikimbia. Otilia naye alikimbia, mpaka ziwani.

“Naungua! Macho yangu!”

Wenzake wakamfuata. Winifrida akabaki na chupa yake.

“Baba, nikisema sabuni ilikuwa mbovu?” aliuliza nyumbani.

“Sema ilivyokuwa. Twende.”

Mama yake Otilia aliwapokea mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiwe uliyemtia mwanangu pilipili?”

“Ndimi. Nilisema naijua dawa, kumbe siijui. Ile ni ya kabichi.”

Otilia, macho mekundu kama nyanya, akachungulia nyuma ya mama yake, akaangua kicheko. “Yaani mimi kabichi?”

Mama yake akachuma kivumbasi na mchaichai nyuma ya nyumba. “Hii ndiyo ya watu. Chemsha, ipoe, uchuje. Na uanze kujipaka wewe, kidogo!”

“Na usiku, chandarua,” Bwana Kilian aliongeza. Njiani akamwambia bintiye, “Ulitaka wakupende, ukadai unajua. Siku nyingine uliza, mwanangu. Neno ‘sijui’ halijamwasha mtu macho.”

Jioni iliyofuata Winifrida aliketi tena kizingitini. Mbu wakawasili. Mara sauti ikatoka njiani:

“Kabichi! We Kabichi! Tunakusubiri!”

Aligeuka kutazama nani anaitwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akanyakua chupa ya kivumbasi, akakimbia.