Bawaba ya Kushoto

Asubuhi ile ya Jumatatu, mwaka wa sitini na mbili, feri ya Likoni ilijaa kama ilivyo desturi yake: baiskeli, mikokoteni ya nazi, vikapu vya samaki na wafanyakazi wa bandarini waliochelewa. Katikati ya msongamano alisimama Faraj, mwalimu wa darasa la tatu, shati jeupe limenyooka kwa pasi na kofia ya viua kichwani, kwapani amekumbatia mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa kabati. Feri ilipogusa gati watu wakasukumana, Faraj akageuka, na ncha ya mlango ikanasa buibui la msichana aliyekuwa nyuma yake.

"Samahani, bibi. Wallahi si mimi, ni mlango."

Msichana alijinasua taratibu. Alikuwa mrefu, macho yamepakwa wanja kidogo, viatu vyeusi vinang'aa, na kalamu ya risasi imechomekwa sikioni chini ya mtandio. Faraj aliyaona yote hayo kwa mara moja, nami simlaumu, kwa kuwa alikuwa msichana wa kutazamwa.

"Na mlango wenyewe waenda wapi asubuhi yote hii?" aliuliza.

"Changamwe. Waenda kushitaki."

Walipokuwa wakipanda mteremko, Faraj akamweleza. Mamake alinunua kabati la Ulaya, lile linalokuja mbao mbao ndani ya boksi bapa, mtu akaliunge mwenyewe nyumbani. Mbao zote zilikuwamo, skrubu zilikuwamo, ila bawaba moja haikuonekana, na mlango ukawa waning'inia kama jino bovu. Ameandika barua tatu kwa karani wa vipuri, mtu aitwaye M. Badawi, na kila jibu huja na swali jipya.

"Sijamwona, lakini namjua," alisema Faraj. "Mzee, ugoro puani, miwani imefungwa uzi, na ikifika saa nne kalala juu ya meza."

"Maskini. Na bawaba yenyewe ni ya juu au ya chini?"

"Ya juu."

"Mlango wafungukia kushoto?"

"Kushoto. Kwani wewe fundi?"

"Nauliza tu," akajibu, akapanda basi na kumwacha akihangaika na mlango wake.

Saa moja baadaye Faraj aliingia katika ghala la samani la Changamwe, vumbi la malori limemjaa usoni. Nyuma ya meza ya vipuri, kando ya simu nyeusi, alikaa msichana yule yule. Mbele yake palikuwa na kibao: M. Badawi.

"Karibu, mwalimu wa barua tatu," alisema. "Ugoro umeniishia leo, na usingizi haujanipata. Tuanze na mlango wako."

Faraj alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, ikabidi akae na kujibu maswali.

Mahfoudha binti Badawi alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye meza ile, na ukweli ni kwamba meza haijapata karani bora. Mteja asiyejua jina la kitu alimpa karatasi achore. Asiyejua kuchora alimwambia afumbe macho na kuonyesha kwa vidole jinsi kitu kinavyokaa. Watu walitoka Mtopanga na Shanzu na vitanda visivyosimama, wakarudi kwao na msumari ule ule uliotakiwa. Maswali yaliyomuudhi Faraj ndiyo yaliyokuwa ufundi wake, maana hakutaka mtu avuke maji mara mbili kwa kupewa kitu kisicho chake.

Lakini kazi ile aliishikilia kwa uzi mwembamba. Babake, Mzee Badawi, alimruhusu kwa sharti moja: siku jina lake litakapoingia doa pale ghalani, atarudi nyumbani, na mjadala umekwisha.

Bawaba ya kushoto haikuwapo ghalani, hivyo ilibidi iagizwe kiwandani Ulaya. Mahfoudha akamwekea Faraj karatasi ya kutia sahihi.

"Umetafuta kila mahali? Ndani ya boksi, chini ya mbao?"

"Kila mahali."

"Nakuuliza kwa sababu barua yaenda kwa jina langu. Wale hawakujui wewe, wanijua mimi."

Faraj akatia sahihi, na siku hiyo alisema kweli.

Tangu hapo akawa anapiga simu kila Alhamisi kutoka ofisi ya mwalimu mkuu, kuuliza kama meli imeleta bawaba. Simu ya kwanza ilikwisha kwa maneno kumi. Ya tatu ilimeza kipindi kizima cha mapumziko. Alimwita "Bwana Badawi" kwa utani, naye akamwita "Mwalimu Mlango". Akajua kwamba Mahfoudha hupenda mahamri ya moto na huchukia watu wanaochelewa. Mahfoudha naye akajua kwamba Faraj huimba anaposahihisha madaftari. Ilipofika simu ya sita, sauti zao zilikuwa zimeshuka.

"Meli haijafika," alisema Mahfoudha.

"Isifike, laazizi. Ikifika nitapiga simu kuuliza nini?"

 Mahfoudha akasema kuwa mwalimu mzima hakosi swali, akakata simu huku akicheka.

Sasa nitasema aliloficha Faraj. Wiki mbili baada ya kutia sahihi ile, aliichomoa droo ya chini ya kabati kutafuta kifungo cha shati. Chini ya droo, upande usioonekana, palikuwa na kifurushi cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi, na ndani yake bawaba ya kushoto. Alikaa sakafuni akiitazama. Angefunga mlango siku ile ile na kupiga simu moja ya mwisho, lakini simu ya mwisho ndiyo iliyomshinda. Akaitia bawaba katika bakuli la mamake la vifungo, akajiambia kuwa ni jambo dogo.

Bawaba ya Ulaya ilifika mwezi wa tatu tangu iagizwe. Mahfoudha hakumwita mtu. Jumapili alivaa gauni la buluu chini ya buibui, akamchukua shangazi yake, akatia bisibisi mkobani na kwenda mwenyewe nyumbani kwa Faraj. Alitaka kuufunga mlango ule kwa mkono wake, na alitaka kuonwa na mama wa nyumba ile, japo hilo la pili hakulisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Bi Kuluthum aliitazama bawaba iliyokuwa mkononi mwa mgeni. "Mwaleta nyingine? Mbona hiyo tunayo." Akaenda kuleta bakuli. "Faraj aliipata zamani, chini ya droo. Namwambia afunge mlango, kila siku ni kesho."

Mahfoudha aliziweka bawaba mbili kando kando. Zilikuwa sawa kabisa. Faraj, aliyekuwa akitoka jikoni na sinia la kahawa, alisimama mlangoni asiweze kwenda mbele wala nyuma.

"Lini?" aliuliza Mahfoudha.

"Baada ya wiki mbili. Nilitaka kukwambia, ila nilipenda sauti yako."

"Sauti yangu ungeipata bila ya kunifanya mwongo. Nimewaandikia watu kwamba haipo. Nimeandika kwa jina langu."

Alimuaga Bi Kuluthum kwa heshima zote, kahawa hakuigusa, akazitia bawaba zote mbili mkobani na kuondoka na shangazi yake. Faraj aliumwa moyo vibaya. Alhamisi alipopiga simu alijibiwa kwa sauti ya kazini: "Vipuri. Namba ya bidhaa?" Hakuwa na namba, na simu ikakatwa.

Usiseme ni mtu wa hovyo. Ijumaa aliomba ruhusa shuleni, akavuka maji na kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa ghala, Bwana Erastus, mtu wa bara asiyependa maneno mengi. Akamweleza yote akiwa amesimama: bawaba ilikuwapo, yeye aliificha, karani hakujua. Akaomba kosa liandikwe kwa jina lake.

Bwana Erastus alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umechelewa," alisema. "Miss Badawi alikuja Jumatatu kabla sijavua kofia. Aliniletea bawaba zote mbili. Akasema dai lilikuwa la uongo, yeye ndiye aliyelipitisha, na nikitaka aache kazi ataacha. Jina lako nilimuuliza mara mbili, akakataa kulitaja."

Faraj aligeuka kuitazama meza ya vipuri kupitia mlangoni.

"Nimempa kazi nyingine juu ya ile," akaendelea Bwana Erastus. "Kama bawaba yako ilikuwa chini ya droo, ni wangapi wengine wanaletewa vitu walivyo navyo? Mzee wake nilimpigia simu mwenyewe. Nilimwambia karani kama huyu simwachii mtu."

Faraj alitoka akakuta makasha ya mbao yakifunguliwa uani. Mahfoudha alikuwa akibandika karatasi juu ya kila boksi bapa, maneno makubwa ya Kiswahili: *Kabla ya kulalamika, tazama chini ya droo.*

"Nimeyasikia," alisema Mahfoudha bila ya kugeuka. "Kuta za ghala hili ni nyembamba."

"Nisamehe. Sina udhuru wowote."

"Kuja kwako ndiko kulikokuokoa. Ungeniletea maua ningekufukuza."

"Na nikimleta mama yangu kwa mzee wako?"

Mahfoudha alipaka gundi boksi moja, na jingine, na Faraj akahesabu pumzi zake. "Mzee aamka mapema Jumapili," alisema. "Na mie nachukia watu wanaochelewa."

Posa ilikubaliwa, na Mzee Badawi mwenyewe akasema kazi ya bintiye haimo katika mazungumzo. Kiwanda kiliandika kwamba bawaba ya pili isirudishwe. Siku ya tatu ya harusi, Mahfoudha alichukua bisibisi na kuufunga mlango wa kabati, ukakaa sawasawa. Kisha akaichomoa droo ya chini, akaifunga bawaba iliyobaki katika karatasi yake na kuibandika pale pale ilipokuwa.

"Ya nini tena?" aliuliza Faraj.

"Yako," alisema Mahfoudha. "Siku utakapotaka kunificha jambo, uje uitazame kwanza."