Weupe Chini ya Trei ya Mayai

Nikiisimulia habari hii hasira hunikaba, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi nafuga mende. Siyo hawa wa jikoni. Ni wale wakubwa, wasio na mbawa, wanaofoka ukiwagusa. Wanakaa sebuleni ndani ya sanduku la kioo, wanajificha kwenye trei za mayai. Mume wangu huwatania rafiki zake kwamba wao wameoa wake, yeye kaoa bibi mende.

Jioni moja, jua likizama, niliwapelekea karoti. Nikainua trei. Juu ya udongo palikuwa na vidudu vyeupe, vidogo kama punje za mtama. Vitatu. Vinatembea.

Nikajua ni utitiri. Lakini utitiri ukiuonyesha mwanga hukimbia. Hawa walisimama...

Wakanigeukia.

Harufu ikanipanda puani. Maziwa. Maziwa ya mama anayenyonyesha.

Niliwachota na udongo wao nikawatia kwenye kichupa, nikaenda kwa jirani, mwalimu mstaafu wa baiolojia tunayemwita Mzee Hadubini. Aliinamia hadubini yake, akazungusha lenzi mara mbili.

"Mwanangu," akasema, "mdudu ana miguu sita. Utitiri, minane."

"Na hawa?"

"Miwili." Akainua uso. "Na mikono miwili."

Akanong'ona, "Udongo huu umeutoa wapi?"

Udongo huo aliniletea wifi yangu. Ndoo nzima, wiki iliyopita, kutoka kwao. Na mimi nikashukuru!

Nimepoteza mimba tatu. Kila mara mama mkwe alikifunga kitoto kwenye kitambaa, akaenda kuzika peke yake. Nikiuliza wapi, naambiwa mambo hayo hayaulizwi. Miaka sita nimeuliza. Mume wangu naye akiulizwa anainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Nyumba ya wakwe iko mtaa wa pili. Sijui nilifikaje. Nilimkuta wifi anaanua nguo. Nikamshika mkono, nikamwonyesha kichupa.

"Umechimba wapi?"

"Wifi, taratibu, mama atasikia..."

"Na asikie! Nionyeshe!"

Alinizungusha nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na tangi la maji. Vilikuwepo vituta vitatu, saizi ya kiganja, vimefukuliwa juu juu. Miaka sita nimekuwa nikiosha vyombo hatua kumi kutoka hapo. Nikampiga kofi. Sijutii kulipiga, ila najuta niliyempiga.

"Umewachezea wanangu uchawi!"

"Siyo mimi." Akashika shavu. "Hapa hawalali, wifi. Jioni wanalia. Nilitaka watoke tu, wafike kwako."

Ndipo nikaona vingine. Karibu zaidi na ukuta, vimeota majani. Vinne.

"Hivi ni vya nani?"

Wifi hajaolewa. Hatukuwahi kumwona na tumbo.

"Vyangu," akasema. "Wangu nilishindwa kuwatoa. Nikasema angalau wako."

Nilitaka kumuuliza mama mkwe aliwaweka pale kwa faida gani. Macho yake yalikuwa yamepanda juu ya bega langu, kwenye dirisha la chumba cha mama mkwe.

Pazia lilikuwa wazi. Mama mkwe amesimama, mikono kifuani, uso umetulia kama anayetazama mvua. Kutoka kwenye vituta na ndani ya kichupa ikaanza sauti, nyembamba sana, kama birika linalokaribia kuchemka. Saba. Nilizisikia zote saba.

Nilimshika wifi mkono, safari hii si kwa kumburuta. Tukapiga magoti, tukaanza kuchimba kwa vidole.

Dirishani mama mkwe akakohoa kidogo.

"Mkimaliza," akasema kwa upole, "mfukie vizuri. Nafasi bado nahitaji."