Kwa Nini Mama Hanywi Maji

Jua lilipochomoza mtaani Miyuji, Domitila alikuwa amekwisha kurudi bombani. Alitua ndoo, akachota kikombe, akampelekea mama yake ndani.

"Mbukwa, mgeni," mama alimsalimu. "Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi. Domitila."

"Domitila yuko shambani, anaamia ndege."

Mama Anjelina alikuwa mtu wa kuongoza sala jumuiyani. Mwezi uliopita alikuwa mzima. Sasa alisinzia mchana kutwa, na akiamka alisema maneno yasiyoeleweka. Jana tu alikutwa barabarani, malori yakimpigia honi.

"Uzee huo, mwenzangu," jirani yake Josephine alikuwa amemwambia. "Mfungie mlango kabla hujamzika."

Kufuli Domitila alikuwa ameshanunua. Alilifunga kwenye pindo la khanga, na kila alipoligusa alijiuliza maswali. Nani anamfungia mama yake kama mbuzi? Lakini asipomfungia, je, lori? Alisali, akaanza tena kusali, woga haukuondoka.

Nje, mumewe Pantaleo aligonga ringi ya baiskeli. Kiwanda alichofanyia kazi kiliuzwa, yeye akapunguzwa kazini. Tangu hapo alitengeneza baiskeli uani, kwenye kivuli karibu na choo, tangu asubuhi hadi jioni.

Siku hiyo alikuja mgeni wa kweli. Alikuwa dada mmoja, mzaliwa wa Kondoa.

"Hodi! Naitwa Mwanahawa, natoka chuo kikuu. Tunafanya utafiti. Tunataka kujua wazee wanaishije, na kitu gani kingewafanya waishi vizuri zaidi. Bibi akikataa kuongea nami, sitamlazimisha."

"Niulize mimi," Domitila alisema. "Yeye kichwa kimeshachanganyika."

"Anakunywa maji?"

"Hataki. Nikimlazimisha anayamwaga."

"Ahsante, dada. Sasa naomba nimsikie mwenyewe. Wewe kaa hapa, ila usimjibie."

Mwanahawa aliketi chini, karibu na kitanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, maji huyapendi?"

Mama alitazama mlangoni. Domitila alifungua mdomo, akaufunga. Mara mama akanong'ona, "Nayapenda sana. Koo linaniwaka. Lakini nikinywa, si nitataka kwenda nje? Na nikienda nje nitapita wapi? Mkwe amekaa njiani. Nimpite mkwe wangu huku anajua ninakwenda chooni? Bora nife na kiu."

Domitila alichungulia nje, akamwona Pantaleo kwenye kivuli chake. Mama na mkwe wake hawajawahi hata kula pamoja. Ndivyo walivyoheshimiana tangu harusi. Zamani Pantaleo akienda kiwandani, njia ilikuwa wazi. Tangu apunguzwe kazi, mama amefungiwa bila kufuli!

"Dada Domitila," Mwanahawa alisema, "mzee hasikii kiu upesi kama sisi. Akijinyima maji tena, mwili unakauka. Mkojo unakuwa mweusi na mchache, na ugonjwa unaingia kwa urahisi. Mara nyingi ugonjwa huo kwa mzee hauonekani kwa homa. Unaonekana kichwani."

"Kwa hiyo si uzee?"

"Uzee hauji kwa mwezi mmoja. Mtu akichanganyikiwa ghafla, ni mgonjwa. Mimi si daktari. Mpeleke hospitali leo, usingoje kesho."

Pantaleo alisikia yote kupitia dirisha. Alisimama na spana mkononi.

"Kumbe mimi ndiye niliyemzibia mama njia," alisema. "Domitila, mtayarishe. Natafuta gari."

Njia nzima Domitila alimshika mama mkono, akihofia kila alipofumba macho. Hospitalini daktari alimpima. Mwili ulikuwa umekauka, na njia ya mkojo ilikuwa na maambukizi. Alitundikiwa dripu, akapewa dawa. Domitila alikaa pembeni na rozari yake, hakuthubutu kuuliza kama mama atapona.

Kule nyumbani Pantaleo alishika sululu. Alichimba choo kingine nyuma ya nyumba, karibu na mlango wa mama. Alisimamisha nguzo za kushikilia, akatengeneza kiti kifupi cha mbao, akasawazisha njia ili mguu usijikwae. Baiskeli alizihamishia mbele, upande wa barabara.

Mama aliporudi, Domitila alimpa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na uji mwepesi, na togwa. Kila asubuhi alimtazama usoni kwa woga.

Mwanahawa alirudi kuwajulia hali. Alimkuta mama ameketi nje, anachambua mlenda.

"Bibi, umetufundisha. Sasa kila nyumba tunauliza: choo kiko wapi, na nani anakaa njiani?"

Mama alicheka. Mbele ya nyumba Pantaleo alikohoa kwa nguvu, kama alivyozoea sasa kila akitaka kuzunguka nyuma, ili mkwe wake asishtukizwe.

"Mwambieni mkwe wangu apunguze," mama alisema. "Baiskeli za watu zitaambukizwa kifua!"

Walicheka wote. Domitila alicheka huku analia. Kufuli lake lilikuwa linaning'inia kwenye banda la kuku.

Mama alimaliza kikombe cha maji, akamnyooshea binti yake.

"Domitila wangu," alisema, "niongeze."