Maji Safi ya Mnarani

Dereva wa gari la maji aliruka ukuta wa kwanza. Wa pili ulimshinda.

Mchwa alimbwaga kwenye saruji, akamwekea bastola ya Glock kisogoni. Jasusi huyu hakuwa akihema hata kidogo. Idarani walimpa jina hilo kwa sababu hula nyumba kimyakimya, mwenyewe akashtuka paa liko chini.

"Dumu za dawa za leo ziko wapi?"

Dereva alicheka. Damu ilimtoka puani, na bado akacheka.

"Leo hatujapeleka, dada. Tangu Jumatatu hatujapeleka. Si wewe uliyezibeba? Tunakushukuru."

Kicheko hicho hakikumpendeza Mchwa.

Kwa wiki sita wasafirishaji wa magendo walikuwa wakitia dawa ya kutuliza kwenye maji ya kunywa ya mnara wa kuongoza ndege. Jumatatu Mchwa alizikamata dumu zote, akaweka maji safi mahali pake. Mkuu wa idara alimpa mkono, jambo alilozoea kulifanya misibani tu.

Leo ni Alhamisi. Saa nne na dakika kumi asubuhi.

Alimfunga dereva pingu, akawasha redio.

"Mchwa, hali?" Mkuu aliuliza.

"Mbaya, mkuu."

"Maji?"

"Safi."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Hukohuko kwenye usafi. Niunganishe na Daktari."

Daktari wa maabara alikuwa mama asiyepokea simu bila kugomba. Safari hii hakugomba.

"Sikiliza, mwanangu. Seli za ubongo huongea kwenye viungio, tunaviita sinapsi. Viko vya kuchochea na vya kutuliza. Moto na breki. Ukimpa mtu dawa ya kutuliza kila siku, ubongo haukubali kulala. Unapunguza breki zake, unaongeza moto, mpaka mizani ikae sawa. Mtu anafanya kazi vizuri tu, hajui kitu."

"Halafu ukiiondoa dawa ghafla?"

"Breki zimeshapungua, moto uko palepale. Siku ya tatu, ya nne, kifafa. Wote kwa pamoja."

Mchwa aliinama kwa dereva, akambana kidole gumba. Jibu lilitoka upesi.

"Saa tano! Ndege yetu inashuka saa tano! Wakiwa chini wanatetemeka, nani ataiona? Tungeikata dawa wenyewe, wewe ukatutangulia!"

Ndege nyingine kumi na nne zingekuwa angani saa hiyo, zimejaa watu. Na kiongozi wa zamu mnarani alikuwa kaka yake Mchwa, wa tumbo moja, aliyeamini kuwa mdogo wake anauza bima.

Aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo tangu aanze kazi.

"Waondoke mnarani," alisema Mkuu. "Iitwe zamu ya akiba."

"Akiba wamekunywa maji yaleyale, mkuu. Daktari, dumu zile zilimwagwa?"

"Mkuu aliagiza nizimwage. Nikamjibu ndiyo mkuu, nikafungia moja kabatini."

Mkuu alikohoa.

"Nusu kikombe kila mtu," Daktari aliendelea. "Kikizidi, watalala. Kikipungua, wataanguka. Inachukua robo saa kushika."

Pikipiki yake ya Yamaha ilinguruma. Dakika kumi na mbili hadi maabara, kumi na moja hadi mnarani. Alipanda ngazi na dumu begani.

Ndani kulikuwa na baridi. Watu saba, macho kwenye rada. Sheria yao ilikuwa moja: huvui vipokea sauti vya masikioni mpaka mwenzako akae kitini. Mmoja wao taya lilikuwa likimcheza. Kalamu ya kaka yake ilikuwa ikigonga meza, na yeye hakujua kama anaigonga.

"Mdogo wangu? Umefikaje huku? Bima unauza mpaka mnarani?"

"Kunywa hiki, kaka. Nusu tu."

"Ni nini?"

"Dawa. Mmenyweshwa wiki sita bila kujua. Imekatika, ndiyo maana mkono unakutetemeka. Usipokunywa utaanguka, na hawa wote pamoja nawe."

Kaka aliutazama mkono wake. Kisha akamtazama mdogo wake kwa muda, kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

"Mkubwa ndiye huonja kwanza," alisema, akanywa.

Wengine wakafuata.

Saa tano kasoro dakika ishirini na tatu. Mchwa aliegemea mlango, macho kwenye saa yake ya Casio. Dakika ya nne, kijana wa dirishani alikakamaa shingo. Dakika ya tisa mwingine aliangusha kikombe. Hakuna aliyeongea isipokuwa na ndege zake.

Dakika ya kumi na sita kalamu iliacha kugonga.

Saa tano kasoro dakika mbili.

"Kuna nukta haina jina," kaka alisema taratibu. "Mashariki. Iko chini sana. Liiteni jeshi."

Ndege mbili za kivita ziliipokea ile ya magendo na kuishusha kwenye uwanja wa kambi. Nyingine kumi na nne zilitua moja baada ya nyingine. Abiria walilalamikia mizigo yao, kama kawaida.

Mchwa alivaa miwani yake ya jua.

"Kesho nitawaletea tena," alisema. "Pungufu kidogo. Na keshokutwa pungufu tena, mpaka ubongo urudishe breki zake. Wiki nyingi, kaka."

"Sawa. Lakini niambie kitu kimoja. Nani alitukatia ghafla? Huyo nataka nimwone uso kwa uso."

"Unamwona," alisema Mchwa.

Akashuka ngazi bila haraka, na hakugeuka.