Lynette na Sauti Tisa

Kila siku akitoka shuleni, Lynette alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu pale Al Baraha, Dubai, akala, kisha akajitupa kitandani na simu ya mama yake. Kazi ya hesabu ilisubiri. Kwa Lynette, kazi zote zilijua kupanga foleni.

Wiki hiyo foleni ilikuwa na mgeni. Vijana wa Afrika Mashariki waishio Dubai, wanafunzi kwa wafanyakazi, walikuwa na kongamano la uongozi Jumapili. Hapo wangechagua mradi mmoja wa kuwafaa vijana mwaka mzima. Lynette, mwenye miaka kumi na mitatu, aliteuliwa kuwauliza wafanyakazi tisa wanataka nini, kwani wengi wao wasingepata ruhusa ya kufika. Wote tisa walimjibu kwa ujumbe wa sauti.

Akafungua wa Chacha, mlinzi wa jengo moja kule Al Jaddaf.

"Mdogo wangu Lynette, hujambo? Mama yako Dorah hajambo? Shule je? Nyumbani wanasemaje, mvua imenyesha?"

Dakika mbili zikapita, na Chacha bado hajafika hata kwa majirani.

"Khalas, yatosha!" Lynette akazima. Wa pili nao ukaanza na hujambo.

"Umemaliza kuwasikiliza?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Bado kidogo, mama."

Kidogo hicho kilikuwa kirefu kama njia ya Mombasa. Lynette akachukua karatasi, akaandika: Wote tisa wanataka mashindano ya mpira. Nani asiyependa mpira?

Jumapili ukumbi ulijaa. Lynette alisoma ripoti yake, makofi yakapigwa. Mwenyekiti, Bi Martina, muuguzi asiyecheka ovyo, akauliza, "Kuna pingamizi kabla hatujapitisha?"

Mkono mmoja ukainuka nyuma. Alikuwa Chacha, bado ndani ya sare, macho mekundu kwa kukesha kazini.

"Mimi ni mmoja wa hao tisa," alisema. "Nimesimama langoni kwa muda wa saa kumi na mbili, mdogo wangu. Mpira umenikosea nini hata niufukuze?"

Watu wakaangua kicheko. Kilipoisha, Chacha akaendelea taratibu. "Niliomba masomo ya Kiarabu. Mwezi uliopita mzee mmoja alianguka pale langoni. Alikuwa ananiambia kitu kwa Kiarabu, sikuelewa hata neno. Nikabaki kumshika mkono tu."

Lynette alikuwa na uongo tayari mdomoni: mtandao ulisumbua, sauti haikufunguka. Nani angejua? Lakini alimtazama yule mtu aliyeacha usingizi wake akaja, na uongo ule akauacha.

"Sikusikiliza," alisema. "Salamu zilikuwa ndefu, nikazima. Habari ya mpira nimeitunga mimi. Nisamehe, kaka Chacha. Nisameheni nyote."

"Kumbe timu nzima ni mchezaji mmoja!" Jeremy, mwanafunzi mwenzake, akamtania. Bi Martina akamtupia jicho, naye akanywea.

"Tunakwenda kula," Bi Martina alitangaza. "Lynette, wewe utasikiliza."

Lynette aliketi kwenye korido, simu sikioni, pilau ikimnukia. Alisikiliza salamu zote, na nyuma ya salamu akawakuta watu. Doris, yaya, alitaka kuweza kumweleza daktari pindi mtoto anayemlea anapougua. Isaiah, mhudumu wa hoteli, aliomba masomo yawe asubuhi, maana jioni yuko kazini. Saba waliomba Kiarabu, wawili kompyuta. Wa mpira hakuwapo hata wa dawa.

Aliposoma ripoti mpya, hakuna aliyepinga. Masomo ya Kiarabu yakapitishwa, tena ya asubuhi.

"Niandikeni wa kwanza," Chacha alisema, "halafu mniache nikalale."

Bi Martina akamletea Lynette sahani iliyofunikwa.

"Kupewa nafasi ya kuwasemea watu ni amana," alimwambia. "Ukiwasemea bila kuwasikiliza, umewanyang'anya ulimi. Leo umekosea, ukakiri, ukarekebisha. Uongozi huanzia hapo. Sasa kula, kisha uwaeleze wote tisa kilichoamuliwa, mmoja mmoja."

"Ndiyo, Bi Martina," Lynette alijibu, akala upesi upesi, kwa maana kazi hii hakutaka ingoje.