Wimbo Uliopigwa Bila Umeme

Kuna jambo moja ambalo Enoka hajalipatia jibu mpaka leo. Bendi ya Imfula ilipofanya onyesho lake la mwisho kwenye ukumbi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, umeme ulikatika kabla ya wimbo wa kufunga. Hilo kila aliyekuwepo analikubali. Taa zilizima, spika zikanyamaza, watu wakatoka wakinung'unika. Mpiga solo wao, Jairo, alibaki jukwaani na gitaa lake gizani, na haikuchukua muda akafa kwa homa. Wimbo wa kufunga haukupigwa, siku ile wala baadaye.

Sasa Enoka aliusikiaje kwenye kaseti?

Amewauliza wanaojua mitambo, amewauliza na wachungaji. Kila mmoja ana lake, naye habishani na mtu. Husema tu: sikilizeni ilivyokuwa, kisha kila mtu abaki na anachoamini.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, miezi ya baridi. Enoka alikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti hapo Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori. Wenzake waliuza nyimbo zinazovuma. Yeye aliuza hizo apate kula, lakini mapenzi yake yalikuwa kwingine: roki ya zamani ya Kizambia, na hasa ile iliyorekodiwa jukwaani, mbele ya watu. Alipenda kusikia chupa ikianguka, mwimbaji akiomba maji, mpiga besi akikosea na kucheka. Studio, alisema, ni picha ya pasipoti. Jukwaani ndiko mtu anakohema. Na katika sahani yoyote ya santuri, alianzia na upande wa pili, kwenye nyimbo ambazo redio haikuzigusa. Mdogo wake, Gwalugano, alimtania kwamba akienda harusini atamwacha bibi harusi akamtazame shangazi yake.

Jioni moja Enoka alitoka kununua mkaa. Aliporudi na gunia lake, alimkuta mtu amesimama mlangoni pa kibanda. Koti refu. Kofia imeshushwa. Alinuka udongo uliolowa, na kitu kingine kama vumbi linaloungulia ndani ya redio iliyowashwa baada ya miaka mingi.

"Mwapoleni, fundi," mtu yule alisalimu taratibu.

"Mwapoleni, mudala," Enoka alimwitikia mzee. "Karibu ndani."

Hakuingia. Alinyoosha mkono na kaseti. Mkono wa kushoto. Kwetu mtu mzima hampi mwenzake kitu kwa mkono wa kushoto, lakini Enoka hakuwa mwepesi wa kuhukumu, aliipokea. Hapo ndipo alipoona mkono wa kulia wa yule mtu, umelala juu ya koti. Ncha za vidole zilikuwa na sugu, ngumu, zimeng'aa. Ni sugu za mpiga gitaa. Ila mpiga gitaa huzipata mkono wa kushoto, unaokandamiza nyuzi...

"Utepe umekatika," mtu yule alinong'ona. "Niungie."

"Njoo kesho, mzee wangu."

"Nitakuja tukimaliza."

Enoka aligeuka kuweka mkaa chini. Alipoinua uso, mlangoni palikuwa na ukungu tu.

Aliunga utepe kama alivyozoea: akanyoosha ncha mbili, akazilaza zikabanana, akapaka tone la rangi ya kucha, akaisubiri ikauke. Kipande kidogo cha katikati kilikuwa kimepotea. Hilo halikumsumbua, kaseti za watu hupoteza zaidi ya hapo. Kisha akaisikiliza, maana kazi ambayo hujaijaribu hujaimaliza.

Ilikuwa Imfula. Jukwaani. Aliwatambua kwa ngoma tu, kabla mtu hajaimba. Alikaa chini kwenye gunia la mkaa asijue amekaa. Wimbo baada ya wimbo, watu wakipiga miluzi. Halafu ukimya. Halafu sauti ya mtu mzima, karibu mno na maikrofoni, ikiuliza kwa Kibemba:

"Jairo ninani?"

Jairo ni nani?

Ikauliza tena. Na tena. Kisha pale alipounga, mkwaruzo mdogo... na gitaa likaanza, peke yake, wimbo ambao Enoka, na ujuzi wake wote wa nyimbo zisizojulikana, hakuwahi kuusikia.

Hakuwa na haja ya kuelewa maneno, kwa sababu hakuna aliyeimba. Ulikuwa wimbo wa mtu anayezunguka nyumba usiku akitafuta mlango.

Mwenye kaseti hakurudi kuichukua. Na Enoka, kama mtu aliyeokota asali, hakuweza kuila peke yake. Akampa Gwalugano.

Gwalugano alikuwa amejifunza gitaa kwenye kwaya ya vijana Mbozi Mission, na sasa alipiga solo kwenye bendi ya pale Vwawa. Waliiga nyimbo za watu, lakini waliiga kwa adabu. Kama mwenye wimbo alikohoa kabla ya kuanza, Gwalugano naye alikohoa. Hata maneno ya katikati ya nyimbo aliyashika jinsi yalivyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake, na watu walitoka Isansa kwa baiskeli kuja kuisikia.

"Kaka, huu wimbo una jina?" aliuliza baada ya kuusikia, macho yamelegea.

"Sijui."

"Basi Jumapili nitaupiga. Lakini hapa mtu anaulizwa swali, halafu hajibu. Jibu liko wapi?"

"Lilikatika."

Justine, mpiga ngoma wao, kijana wa wafugaji wa Momba, alicheka. "Jibu mwenyewe, bwana. Ukiulizwa Jairo nani, sema mimi. Watu watapagawa."

Enoka alicheka pia. Kicheko hicho anakikumbuka kuliko kitu kingine chochote.

Jumapili ukumbi wa Vwawa ulijaa mapema. Lilikuwa onyesho la mchana, la kuwahi kuisha kabla ya giza, kwa jenereta iliyowekwa nje dirishani. Bendi ilipiga vizuri kuliko siku zote. Jua lilipoanza kulala, Gwalugano alisogea kwenye maikrofoni, akainamisha kichwa. Ukumbi ukatulia.

"Jairo ninani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza.

"Jairo ninani?"

Enoka alisikia harufu ya udongo uliolowa.

"Jairo ninani?"

Gwalugano akatabasamu, akajipiga kifua. "Nine," akasema. Ni mimi.

Jenereta ikazima.

Taa zikafa. Spika zikatoa ule mguno wa mwisho. Justine alinyanyua vijiti vyake vikabaki hewani. Na gitaa likaanza.

Likapiga kwa sauti ileile kubwa, ya spika, ikitetemesha vioo vya madirisha, na spika zimekufa. Wimbo ule. Noti kwa noti. Katika mwanga mdogo uliobaki Enoka alimwona mdogo wake akiligeuza gitaa, shingo ikaelekea upande wa pili, mkono wa kulia ukashika nyuzi zilizopinduliwa kana kwamba ulizaliwa hivyo.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka kinyumenyume.

"Gwalugano," Enoka aliita ulipokwisha.

Hakugeuka.

"Gwalugano, mdogo wangu."

Yule aliyesimama jukwaani alitazama mlangoni, kama anayesubiri mtu mwingine aitike.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hakutaka ugali wala kitanda. Alikaa kizingitini kwa Enoka na gitaa lisilo na waya wowote, akipiga kwa mashoto, na majirani walisikia spika. Aliongea Kibemba, lugha ambayo aliijua ya kununulia sukari tu. Mama yao, Mama Enesi, aliteremka kutoka milima ya Ileje na kikapu cha maharage, akakaa mbele yake, akamwita jina alilompa mwenyewe. Yule kijana akamjibu kwa heshima kubwa, akamwambia hamjui ni nani.

Mama Enesi hakulia. Alimgeukia Enoka. "Huyu anaishiwa nguvu. Angalia shingo yake ilivyokonda. Umempa nini mdogo wako?"

"Wimbo, mama."

"Wa nani?"

Enoka akavuka mpaka kulitafuta jibu. Nakonde si mji wa kumficha mtu. Wauza mitumba walimwelekeza kwa Ruti, dada yake Jairo, mama wa makamo aliyekuwa akichambua karanga barazani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Enoka alipofika kwenye swali lile, mikono ya Ruti ikasimama.

"Hilo swali si la muziki, ba Enoka," alisema polepole. "Kwetu mtu akifa, ndugu wanampyana. Anachaguliwa mmoja, anakalishwa mkekani, anaulizwa fulani ni nani. Akijibu ni mimi, anapewa maji anywe na ushanga mweupe mkononi. Jina linapata mtu, roho inapata pa kukaa. Jairo hakupyanwa. Wajomba walikataa. Walisema mtu wa magitaa, wa nywele ndefu, nani ataibeba roho yake?"

"Kwa hiyo anazunguka."

"Anauliza mwenyewe. Mpaka ajibiwe." Alirudi kwenye karanga. "Na ninyi mmemjibu. Bila maji, bila mkeka, bila ndugu. Mmemwingiza dirishani, ndiyo maana anavunja nyumba."

Enoka akamtolea ile kaseti. Ruti hakuigusa.

"Siku ile nilikuwepo," akanong'ona. "Umeme ulikatika. Hakuna mashine iliyorekodi hapo. Ulipewa na nani?"

Enoka akaeleza koti, kofia, sugu za mkono wa kulia.

Ruti akaziweka karanga kando. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha bati na kibahasha cha shanga, akajifunga kanga ya pili, akamfuata Tunduma.

Walikaa chumba cha nyuma cha Enoka, mlango wazi, jua likishuka. Kizingitini gitaa lilikuwa likilia bila kupumzika. Ruti alieleza lililowezekana. Jairo hafukuzwi, maana hakuja kwa ubaya, amechoka tu. Apewe mtu mwingine, kwa utaratibu. Mtu huyo aseme kwa hiari. Akishasema, Gwalugano atafunguka. Kisha kaseti ichomwe, njia ya dirishani izibwe.

"Na huyo mtu?" Mama Enesi aliuliza. "Anakuwaje?"

"Wengine wanaishi salama, mayo, mama yangu. Wanabaki wao, na mgeni ndani. Wengine... mgeni anakuwa mkubwa kuliko nyumba."

"Ni mimi," Enoka alisema. "Niliupenda wimbo kabla yake. Na niliunga utepe kwa mikono yangu."

Mama alimkazia macho. Alikuwa mzee wa kanisa, mwanamke ambaye gitaa alilijua la kwaya tu, na hilo aliliona lina kelele. "Una watoto wadogo," alisema.

"Mama, nimeshaamua."

"Haya. Umeamua."

Basi ikaamuliwa. Enoka ndiye atakayekaa mkekani, na Enoka ndiye atakayechoma kaseti. Ruti alitandika mkeka. Alimwaga maji kikombeni. Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani, na ile harufu ikaingia, udongo na vumbi linaloungua, mpaka Enoka akahisi mtu wa tano amekaa chumbani.

Alivua viatu. Alikuwa akiinama kushika ukingo wa mkeka.

"Jairo ninani?" Ruti akauliza.

Gitaa kizingitini likapunguza sauti, kama linalosikiliza.

"Jairo ninani?"

Enoka akafungua mdomo. Akawakumbuka watoto wake, akasita.

"Jairo ninani?"

"Nine."

Haikuwa sauti yake.

Mama Enesi alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha kama anayechambua mboga, kikombe kiko mdomoni. Alikunywa maji yote, bila haraka, kama dawa anayoijua. Ruti alimwangalia Enoka, akamwangalia mama, akaona hakuna cha kurudisha. Akamfunga ushanga.

Kizingitini uzi mmoja ulikatika. Kisha kimya.

"Kaka?" Gwalugano aliita kwa sauti ya mtu aliyeamka mchana. "Mbona mmekaa gizani? Mama amekuja lini?" Akaingia akijikokota, akapiga magoti mkekani. "Shikamoo, mama."

Mama Enesi alitazama mlangoni, kama anayesubiri mtu mwingine aitike. Ndipo uso wake ukarudi, kwa taabu, kutoka mbali.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Lilibaki la kaseti. Iliamuliwa ichomwe na Enoka, lakini alipoishika alishindwa. Aliukumbuka ule wimbo, akajua hatausikia tena popote duniani. Mama yake akaichukua mkononi mwake, akatoka nayo uani, akaiweka juu ya jiko la mkaa, akapuliza. Utepe ulijikunja, ukanuka. Yeye alichuchumaa pale akiuangalia, akiimba kwa pua, polepole, wimbo ambao hakuna mtu aliyewahi kumpigia.

Kaseti ile aliichoma mama. Aliishika kwa mkono wa kushoto, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikitembea juu ya kikombe cha bati, vikikandamiza, vikiachia, vikitafuta nyuzi.