Vifungo Vilivyoingia Ukungu

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia kwenye chumba cha kushonea cha shangazi yake, akafagia nyuzi chini ya cherehani, kisha akamimina vifungo vyake mezani. Alikusanya vifungo vya plastiki vya zamani, vile vinavyopitisha mwanga kama kioo.

Siku hiyo alikuta sita kwenye kisahani, vizuri kuliko vyake vyote. Vilitoka kwenye koti ambalo bibi wa jirani aliachiwa na marehemu mama yake. Shangazi alikuwa amevikata ili koti lifuliwe.

"Hivyo usiviguse," shangazi alisema akitoka kununua uzi.

Chiriku alitaka ving'ae tu. Akavipangusa kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Papo hapo vikaingia ukungu, kama dirisha lililopuliziwa pumzi. Akavirudisha kisahanini, akanyamaza.

Bibi alipofuata koti lake, shangazi aliviona vifungo, akaduwaa. "Nisamehe, mama. Labda niliviweka karibu na pasi. Kosa ni langu."

"Usijali, mwanangu," bibi alijibu, lakini kidole chake kilikisugua kifungo kimoja bila kuacha.

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kusema sana, alifagia tena sakafu aliyokwisha kuifagia. Masikio yalimwaka moto. Shangazi anaomba radhi kwa kosa lisilo lake!

"Ni mimi," alisema akitazama sakafu. "Nilitumia dawa ya kucha. Halafu nikanyamaza."

Shangazi alivuta pumzi, akamsogezea kiti. "Keti. Plastiki hii huanza kama maji. Humiminwa katikati ya vioo viwili, ikapashwa joto taratibu mpaka igande, ndipo hukatwa vifungo na kusuguliwa. Dawa yako imeyeyusha uso wake. Basi tuvisugue upya."

Akaleta dawa ya meno na vitambaa laini. Bibi naye akavuta kiti. "Nipe kimoja, nisikae kama mgeni."

Chiriku alisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Vitano vilirudi kupitisha mwanga. Cha sita kilibaki na ukungu kidogo.

"Kishone chini kabisa," bibi alisema. "Tumbo langu litakificha."

Walicheka. Chiriku hakuweza, macho yake yalikuwa bado chini.

"Kuviharibu kumenikera," shangazi alimwambia Chiriku baada ya bibi kuondoka. "Kuniacha nibebe lawama ndiko kulikoniuma. Ukikosea, sema mapema, hata sauti ikitetemeka."

"Yangu ilitetemeka, shangazi."

"Kuliko cherehani yangu," alijibu, akimfuta shavu. "Lakini niliisikia."